Nimepangiwa Operesheni: Sindano ya Mgongo au Nusu Kaputi?

Habari za kazi wapendwa,

Nina mimba ya pili, nimeingia wiki ya 36. Kliniki wamenipangia operesheni kwa sababu mtoto wa kwanza alizaliwa hivyohivyo na huyu naye ametanguliza makalio. Wa kwanza ilikuwa dharura, nikalazwa nusu kaputi. Nilipozinduka niliambiwa mtoto alitoka amelegea, hakulia mara moja, wakampa hewa kwa barakoa ndipo akalia. Sasa ana miaka minne, mzima kabisa, yuko chekechea. Lakini wifi yangu, kila mtoto akichelewa kutaja herufi, husema ni zile dawa za usingizi zilimwingia kichwani.

Safari hii daktari amesema ni sindano ya mgongo. Mama mkwe hataki hata kuisikia. Anasema mwanamke akishachomwa mgongo hawezi tena kuinama shambani wala kubeba mkungu wa ndizi. Mimi ninachotaka kujua ni kipi kilicho salama zaidi kwa mtoto. Ile dawa ya mgongoni haimfikii? Na kunyonyesha je?

Lingine ni tarehe. Nimepewa tarehe 29 Desemba, nikiwa nimetimiza wiki 39. Ukoo wote unarudi nyumbani Kibosho kwa Krismasi, na mama mkwe anataka tuombe operesheni iwahishwe mpaka tarehe 17 ili wageni wamkute mtoto. Baba Glory anaona wiki mbili hazina neno. Naombeni ushauri.

Mama Glory, Kiboriloni, Moshi

*

Mama Glory, hongera kwa ujauzito. Tutakujibu kuhusu sindano kwa kirefu kwa sababu ndicho ulichouliza, lakini tukwambie mapema: katika barua yako yote, kinachotutia wasiwasi zaidi kwa mtoto ni ile tarehe 17.

Kwa operesheni iliyopangwa, mama akiwa hana kizuizi, sindano ya mgongo ndiyo chaguo la kwanza, na daktari wako amekushauri vizuri. Sababu kubwa ni kiasi cha dawa. Dawa inayotumika sana ni bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, na kinachoingizwa ni mililita 2 hadi 2.5 tu, yaani miligramu 10 hadi 12.5. Mara nyingi huongezwa fentanili, dawa kali ya maumivu, kidogo sana, inayopimwa kwa mikrogramu. Dawa hiyo inawekwa ndani ya maji yanayozunguka mishipa ya fahamu, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, na inafanya kazi palepale. Inayopenya hadi kwenye damu yako ni chache, na inayovuka kondo kumfikia mtoto ni chache zaidi, kiasi cha kutomlegeza. Ipo pia ganzi ya mgongo inayopitishwa kwa mrija mwembamba. Ile inahitaji dawa nyingi zaidi na inachukua muda kushika, kwa hiyo kwa operesheni ya kupangwa kama yako si kawaida kuanza nayo.

Nusu kaputi ni njia nyingine kabisa. Dawa ya kulaza (thiopentoni, propofoli au ketamini) inaingia kwenye mshipa wa mkono, inakwenda kwenye ubongo wako, na kwa sababu inapita kwenye mafuta kwa urahisi, inavuka kondo pia. Thiopentoni huonekana kwenye damu ya kitovu ndani ya dakika moja hivi. Dawa ya kulegeza misuli yenyewe haivuki kwa urahisi, kwa hiyo mtoto hapoozi. Anachopata ni usingizi kidogo. Kisha hewa ya kukudumisha usingizini inaendelea kumfikia kadiri anavyokaa tumboni. Ndiyo maana, nusu kaputi ikilazimika, mama huoshwa tumbo na kufunikwa mashuka akiwa macho, na mpasuaji anasimama tayari kabla ya dawa kusukumwa. Wengine huogopa wakidhani watakatwa wakiwa macho. Sivyo. Wanampunguzia mtoto dakika za kupokea dawa.

Sasa kuhusu Glory. Mtoto akizaliwa hupewa alama dakika ya kwanza na dakika ya tano kwa mambo matano: rangi, mapigo ya moyo, anavyojibu akiguswa, nguvu ya misuli na anavyopumua. Kila jambo lina 0 hadi 2, jumla 10. Aliyeuanzisha mfumo huu, Virginia Apgar wa Marekani, alikuwa daktari wa usingizi, na aliuchapisha mwaka 1953. Watoto wa nusu kaputi mara nyingi hupata alama ndogo dakika ya kwanza, na wengi zaidi kati yao huhitaji kusaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa. Kufika dakika ya tano, wengi wamewafikia wenzao. Tena wa kwako ilikuwa dharura. Mtoto anayetolewa kwa dharura mara nyingi alikwishaanza kuchoka kabla mama hajadungwa chochote, kwa hiyo huwezi kuitupia dawa lawama yote.

Na hoja ya wifi inastahili jibu, si kupuuzwa, maana haikutoka hewani. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za usingizi zikitumika zaidi ya saa 3, au mara kwa mara, kwa watoto chini ya miaka 3 au kwa wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho, zinaweza kuathiri ubongo unaokua. Angalia hayo masharti: saa tatu, au kurudiarudia. Glory alipokea dawa kupitia kondo kwa muda mfupi tu, mpaka alipotolewa. Halafu mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi 7 uliofuatilia watoto wachanga zaidi ya 700 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri. Wengine walilazwa usingizi kwa muda ambao kwa wastani haukufika saa moja, wengine wakapigwa ganzi wakiwa macho. Walipopimwa akili wakiwa na miaka 5, hawakutofautiana. Mtoto wa miaka minne anayechelewa herufi ni mtoto wa miaka minne.

Je, sindano ya mgongo haina hatari kwa mtoto? Inayo, na inapitia kwenye presha yako. Mishipa ya fahamu inayopigwa ganzi ndiyo inayoibana mishipa ya damu ya miguuni na tumboni. Ikilala, mishipa ya damu inatanuka, damu inabaki chini, presha inashuka, mara nyingi ndani ya dakika kumi za kwanza. Kondo halina namna ya kujilinda na hali hiyo. Damu inayofika huko inafuata presha ya mama, ikishuka nayo inashuka. Kushuka kidogo kukarekebishwa haraka hakumdhuru mtoto. Kushuka sana na kuachwa hivyo kunamnyima oksijeni na damu yake inaanza kuwa na asidi. Mtoto wa sindano ya mgongo akitoka amechoka, mara nyingi presha ya mama ndiyo ya kuulizia kwanza.

Kwa hiyo utawaona wakifanya haya. Dripu itafunguliwa kwa kasi wakati unachomwa au mara tu baada ya hapo. Ukilazwa chali, watakuwekea mto mdogo au shuka lililokunjwa chini ya nyonga ya kulia, au watainamisha kitanda nyuzi 15 hivi kushoto, ili mji wa mimba usilalie mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Presha itapimwa kila dakika moja au mbili mpaka mtoto atoke. Ikishuka utapewa fenilefrini au efedrini kwenye mshipa. Fenilefrini ndiyo inayopendelewa siku hizi, kwa sababu efedrini inavuka kondo na damu ya kitovu hutoka na asidi zaidi. Lakini kama efedrini ndiyo iliyopo kwenye trei, itumike. Kinachomuumiza mtoto zaidi ni presha iliyoachwa chini.

Nawe una kazi yako hapo, na ni ya maana. Dalili ya kwanza ya presha kushuka mara nyingi ni kichefuchefu, hata kabla mashine haijasoma. Wengine hupiga miayo, huona giza au masikio huvuma. Usivumilie, usione aibu, sema papo hapo: "Nasikia kichefuchefu." Mtaalamu wa usingizi yuko kichwani pako kwa kazi hiyo. Ukisikia vidole vya mikono vinakufa ganzi au unashindwa kukohoa kwa nguvu, sema pia. Ganzi inapanda juu kuliko inavyotakiwa.

Uchomaji wenyewe uko hivi. Utakaa ukingoni mwa kitanda, miguu kwenye kistuli, umekumbatia mto, kidevu kifuani, mabega umeyalegeza, na kiuno cha nyuma unakisukuma nje kumwelekea anayechoma. Hapo nafasi kati ya mifupa zinafunguka. Wengi wakiguswa hujinyoosha, na ndicho kinachofanya sindano irudiwe mara tatu, mara nne. Unasafishwa kwa dawa ya baridi, unachomwa ganzi ndogo ya ngozi, kisha inaingia sindano nyembamba. Ukisikia kama shoti ya umeme mguuni, usiruke. Tulia, sema ni kulia au kushoto, naye atairekebisha. Dawa ikishaingia, makalio na miguu hupata joto, halafu uzito. Kabla ya kukata watakupima kwa pamba yenye spiriti au kwa kukubana ngozi, kuanzia chini kupanda juu, mpaka ubaridi upotee kufikia usawa wa chuchu. Ganzi iliyoishia kitovuni haitoshi, hata kama huwezi kuinua mguu. Wakati wa operesheni utasikia kuvutwa na kusukumwa, hasa wakimtoa mtoto, na hiyo ni kawaida. Maumivu makali ya kukatwa si kawaida. Yakija yaseme, utaongezwa dawa au utalazwa nusu kaputi.

Mama mkwe mwambie hivi, kwa heshima zake. Mahali palipochomwa panaweza kuuma siku chache. Maumivu ya mgongo ya miezi na miaka yanawapata wazazi wengi, waliochomwa na wasiochomwa, kwa sababu mimba hulegeza viungo vya kiuno na baada ya hapo mama huinama mchana kutwa kumwogesha na kumnyonyesha mtoto. Na mkungu usiubebe kweli wiki sita za kwanza, ila ni kwa ajili ya kidonda cha operesheni. Usumbufu halisi wa sindano hii ni kichwa. Tundu dogo linaweza kuvujisha maji ya uti, kichwa kikauma ukikaa au ukisimama na kutulia ukilala. Sindano nyembamba yenye ncha kama ya penseli, saizi ya 25 hadi 27, inapunguza sana tatizo hili, kwa hiyo si vibaya kuuliza kama wanayo. Kikija, kunywa maji, pata dawa za maumivu, na kikizidi rudi hospitali. Yapo matibabu yake, na si jambo la kukaa nalo nyumbani.

Zipo hali ambapo nusu kaputi ndiyo salama, na ukiambiwa siku hiyo kwamba mpango umebadilika, uliza sababu lakini usigome. Chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda) zikiwa chini sana, mama akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kidonda au jipu mahali pa kuchoma, kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba ambacho mama hajarudiwa na fahamu, baadhi ya magonjwa ya moyo, au mtoto anayehitaji kutoka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kabla ya tarehe hakikisha umepimwa picha kamili ya damu, na mwambie mtaalamu wa usingizi dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba na aspirini, pumu kama unayo, jino linalocheza, na lolote lililotokea kwenye nusu kaputi ya kwanza.

Hapa tusimame kidogo, maana hukuligusia. Una kovu la operesheni. Uliza altrasaundi imeonyesha kondo limejishika wapi. Likiwa juu, vizuri. Likiwa chini na limelalia kovu, linaweza kuwa limejichimbia kwenye mji wa mimba, na hapo kila kitu kinabadilika: tarehe, aina ya usingizi, akiba ya damu, na hospitali yenyewe. Mama wa namna hiyo hafanyiwi kituo cha afya. Anapelekwa kwenye hospitali kubwa yenye damu na wapasuaji wa kutosha, kwa huku kwetu KCMC. Kama kadi yako haisemi kitu kuhusu kondo, rudi kliniki wiki hii ulizie.

Sasa tarehe. Mtoto tumboni ana maji kwenye mapafu. Uchungu wa kuzaa, pamoja na homoni zinazotoka wakati huo, ndio unaoyaamuru mapafu kuyanyonya maji hayo. Mtoto wa operesheni iliyopangwa anatoka bila uchungu, kwa hiyo anakosa maandalizi hayo, na akiwa bado hajafika wiki 39 mapafu yake yanashindwa zaidi. Anapumua mbiombio, anakoroma kila akitoa pumzi, anawekwa kwenye oksijeni chumba cha watoto wachanga huku mama yuko wodini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliowahusu kina mama hasa kama wewe, wenye operesheni ya kurudia na wasio na uchungu, ulionyesha kwamba matatizo kwa mtoto yalikuwa takriban mara mbili wiki ya 37, na mara moja na nusu wiki ya 38, yakilinganishwa na wiki ya 39. Tarehe 17 ungekuwa ndiyo kwanza umepita wiki 37.

Kwa hiyo Baba Glory, kwa heshima, wiki mbili zina neno, na zina neno kuliko tofauti ya sindano na nusu kaputi mnayobishania. Wageni wataukuta ujauzito, mtoto watamwona siku nyingine. Angalia pia hiyo hesabu ya wiki imetoka wapi. Kama ulipigwa altrasaundi mapema, kabla ya wiki ya 20, ndiyo ya kuaminika kuliko ya juzi. Na Krismasi yenyewe ule ukiwa karibu na hospitali. Mwenye kovu akianza uchungu, akivunja chupa au akiona damu, haisubiriwi tarehe 29. Anakwenda saa hiyohiyo, na usiku wa sikukuu usafiri wa kushuka kutoka Kibosho si wa kuutegemea.

Siku ya operesheni, chakula cha mwisho kiwe muda wa saa 6 kabla ya operesheni, kiwe chepesi. Chenye nyama na mafuta, kama mtori, kiwe muda wa saa 8 kabla. Chai ya maziwa, maziwa na uji vihesabu kama chakula. Maji na chai ya rangi unaweza mpaka zibaki saa 2 kabla ya operesheni, isipokuwa umeambiwa vingine. Masharti haya ni yaleyale hata kama ni sindano ya mgongo, kwa sababu ganzi inaweza kushindwa ukalazwa nusu kaputi, na mjamzito akilazwa tumbo likiwa limejaa, chakula na asidi vinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Asidi peke yake inatosha kuyaunguza. Jambo hilo linajulikana tangu mwaka 1946, na bado linaua. Usile kidogo kwa siri. Ukiwa umekula, sema.

Kunyonyesha usihofu. Kwa sindano ya mgongo uko macho, mtoto anaweza kuwekwa kifuani pako ngozi kwa ngozi humohumo chumba cha upasuaji na kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Omba hilo mapema, na beba kofia na kanga kavu mbili, kwa sababu chumba kile kina baridi na mtoto mchanga hupoa upesi. Kwa nusu kaputi unanyonyesha pale tu unapozinduka vizuri na kuweza kumshika. Hakuna haja ya kukamua na kumwaga, na dang'a usiimwage kamwe. Cha kuangalia ni dawa za maumivu za baadaye. Parasetamoli na diklofenaki ni nzuri na maziwa yanazibeba kidogo mno. Pethidini ikirudiwarudiwa humlaza mtoto, anakuwa mzito wa kunyonya, kwa sababu mabaki yake hukaa mwilini mwake muda mrefu. Kodeini na tramadoli si za mama anayenyonyesha. Uliza unachodungwa ni nini, na kama parasetamoli na diklofenaki zinaweza kutolewa kwa saa zake badala ya kusubiri uumie.

Ukiwa wodini, mwangalie kifua. Akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, pua zikichanuka, mbavu zikiingia ndani au akikoroma kila pumzi, mwite muuguzi palepale, usimnyonyeshe kwanza ili atulie.